Achari ya Shangazi na Kaunta Namba Nne

Mgeni aliingia kwa mlango wa jikoni, na hilo ndilo lililomponza. Wageni huja kwa mlango wa mbele wa kanisa, wakasimama kwenye zulia wakikohoakohoa mpaka mtu atoke. Anayepita mlango wa jikoni ni ndugu. Basi yule kijana mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa na shati ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, aliposukuma mlango wa wavu na kusema, "Samahani, namtafuta..." wanawake kumi na mmoja tuliinua macho kutoka kwenye kabichi na vitunguu, machozi yakitutiririka, na Shangazi Verdie akapiga kelele hadi masufuria yakaitikia.

"Rudell! Mtoto wa Rufus! Umefika!"

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya kurudi nyumbani. Kila mwaka, mwisho wa Juni, Walumbee, kabila letu lililokuwa nchi hii kabla ya wazungu kufika, ambao wazee wao walihamia Baltimore kutafuta kazi hurudi Robeson, wilaya yetu, na watoto na wajukuu, na kila jiko la huku kwetu humngoja mtu ambaye hakuna anayeikumbuka sura yake. Sisi tulikuwa tukimngoja Rudell, ambaye mara ya mwisho kuonekana alikuwa na miaka minne na amelala. Tena sisi hatuna sura moja. Nina baba mkubwa mweusi kama lami, na mdogo wake, tumbo moja, ana nywele nyekundu na macho ya kijani. Huwezi kumtazama mtu ukaapa kwamba si wetu. Ndiyo maana kabla ya jina huwa tunauliza watu wako ni nani.

Siku ile tuliuliza. Tatizo ni kwamba tulijijibu wenyewe.

"Watu wako ni nani, mwanangu?" Shangazi alisema akimshika mashavu kwa mikono yenye harufu ya vitunguu. "Usinijibu. Hiyo pua ni ya Rufus."

"Mimi naitwa Nilesh," kijana alisema.

"Nilesh!" Bi Maydell akacheka mpaka akashika meza. Bi Maydell ni rafiki wa shangazi tangu darasa la kwanza, na mdomo wake haujawahi kuchukua likizo. "Jamani watu wa mjini! Mtoto kaondoka hapa anaitwa Rudell, kule wamemgeuza Nilesh!"

"Hapana, mimi kwa kweli nime..."

"Umechoka, tunajua. Safari ndefu. Nawa mikono."

Alinawa mikono. Ungefanya nini? Shangazi alimpokonya begi lake la nyaraka, akaliweka juu ya friji, akamvika aproni, akamvika wavu wa nywele. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akamkagua, akaenda kwenye droo akarudi na wavu wa ndevu.

"Kanuni ni kanuni," alisema akiufunga nyuma ya masikio yake. "Jiko hili lina cheti."

Kilikuwa na fremu, kile cheti, kimetundikwa juu ya sinki mahali ambapo makanisa mengine huweka picha ya Bwana. Mimi ndiye niliyekipigania. Nilimaliza chuo hapa Pembroke mwaka juzi, masomo ya biashara, na wenzangu walipokwenda Charlotte kuvaa tai mimi nilirudi jikoni kwa shangazi na wazo moja kichwani: achari yake ya kabichi, ile tunayoiita chau-chau, iingie kwenye rafu za maduka ya Talbert. Nilimleta mkaguzi wa jiko. Nilipeleka achari maabara wakapime ukali wa siki. Nilichapisha lebo mia tano zenye picha ya shangazi akicheka na ile mistari myeusi ambayo mashine ya keshia huisoma. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa duka.

Lazima nieleze kuhusu ile mistari myeusi. Shangazi alifanya kazi Talbert ya Lumberton miaka kumi na tisa, kaunta namba nne, mpaka magoti yalipomkatalia. Miaka kumi na tisa alipitisha kwenye mashine achari za watu wengine, mojawapo ikiwa na picha ya bibi mwenye kilemba ambaye, kwa maneno ya shangazi, hajawahi kuzaliwa wala kukata kabichi. Piip. Piip. Siku nilipomuuliza akipata hela atafanya nini, hakusema nyumba wala gari. Alisema, "Nataka kuisikia mashine ikilia kwa chupa yangu. Mara moja tu. Kaunta namba nne." Kisha akaona haya, akaniambia nikamwagie kuku maji.

Nilijaza fomu ya Talbert miezi saba kabla ya siku ile, mimi nikisoma, yeye akijibu huku anakunja nguo.

"Asilimia ngapi ya biashara inamilikiwa na mwanamke?"

"Mia. Marehemu mume wangu alimiliki kile kiti tu."

"Je, mmiliki anatoka katika jamii ya watu wachache?"

"Wachache?" Aliacha kukunja. "Waambie waje wiki ya kurudi nyumbani watafute pa kuegesha gari. Ndipo watuambie nani mchache."

Niliandika ndiyo. Tukangoja. Miezi saba ya kufungua sanduku la barua na kukuta matangazo ya godoro.

Kwa hiyo Alhamisi ile tulikuwa tukikata kwa ajili ya kuuza kwenye meza yetu ya barabarani, kama kila mwaka, na binamu yetu wa Baltimore alikuwa anakata vizuri ajabu. Vipande vyembamba, sawasawa, kisu hakiinuki juu ya ubao. Bi Maydell alimsogelea ili amchunguze.

"Nani amekufundisha?"

"Mama." Sauti yake ilipita kwa shida kwenye wavu wa ndevu. Kisha akanusa bakuli la viungo, haradali na manjano, na nikaona mabega yake yakishuka. "Mama yangu naye hutia haradali."

"Asante Yesu, Rufus alioa mpishi!"

"Yeye hutengeneza ya maembe mabichi."

"Baltimore kuna maembe mabichi?"

"Sisi tuko Fayetteville."

Kisu cha shangazi kilisimama. "Fayetteville? Dakika arobaini kutoka hapa? Mmehamia mlangoni kwetu na hamji hata kutusalimia?"

Na yule kijana, Mungu ambariki, aliinamisha kichwa kwa aibu kama binamu kamili. "Samahani, Shangazi," alisema.

Hapo hata mimi niliamini.

Alikata kabichi yake ya kumi, ya kumi na mbili. Alituambia kwamba mama yake hajatengeneza achari kwa miaka miwili kwa sababu vidole vimekakamaa, na sasa anakula ya kununua na kulalamika kila siku. Na Jumamosi hii anasafiri kwenda India kwa binti yake, akae miezi sita.

"India?" shangazi aliuliza. "Dada yako anafanya nini India?"

"Jeshi," Bi Maydell alimjibia. Kule Fayetteville kila mtu ni jeshi. "Jeshi linapeleka watoto wa watu popote."

"Maskini. Anaondoka saa ngapi?"

"Atatoka nyumbani saa mbili na robo asubuhi."

Shangazi aliweka kisu chini. Alimtazama kama anavyowatazama watoto wanaoanguka na hawalii. "Huku kwetu aliyekata hapewi ahsante, hupewa chupa. Yako ni ya mama yako. Jumamosi kabla hajatoka mlangoni atakuwa nayo, na nitamletea mimi mwenyewe. Nimesema."

"Haina haja, Shangazi, kweli."

"Nimesema. Kata."

Saa tano na nusu mlango wa wavu ulifunguka tena. Aliingia mwanamume mfupi, mnene, mwenye kofia ya timu ya Baltimore na sanduku la kaa lililokuwa likivuja maji kwenye sakafu yenye cheti.

"Shangazi Verdie yuko wapi?" alinguruma. "Ni mimi Rudell!"

Kaa walisikika wakikwaruza sanduku. Wanawake kumi na mmoja tuligeuka polepole, kama alizeti, tukamtazama kijana mrefu mwenye wavu wa ndevu.

"Basi wewe," shangazi alisema, "ni nani?"

Kijana alishusha wavu hadi kidevuni. "Nimekuwa nikijaribu kusema tangu saa tatu," alisema. "Naitwa Nilesh Vora. Mimi ni mnunuzi wa bidhaa za wenyeji wa maduka ya Talbert. Nimekuja kwa sababu ya fomu ya Neva Revels."

Neva Revels ni mimi. Kisu changu kilianguka kwenye sinki.

"Mungu wangu," Bi Maydell alinong'ona, "tumemtumikisha mkubwa wa duka."

"Tumemtukania mama yake kwa kutotusalimia!" mwingine alilia.

Shangazi alikuwa ameshika kifua. "Baba," alisema, na hiyo baba ilitoka ndogo sana, "kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Shangazi. Mkasema nimechoka."

Aliyeanza kucheka ni Rudell. Alicheka hadi akalazimika kuweka kaa chini, na baada yake jiko zima likaporomoka. Bi Maydell alikaa sakafuni. Nilesh alijifuta macho kwa mkono wenye kitunguu, akalia zaidi, akacheka zaidi. Ilipita kama dakika tano kabla ya mtu yeyote kuweza kusema jambo la maana.

Jambo la maana lilikuwa hili. Jumamosi Talbert ya Lumberton ilikuwa inafungua rafu mpya, karibu kabisa na mlango, ya vitu vinavyotengenezwa na watu wa hapahapa, hasa wanawake, hasa wale ambao maduka makubwa huwapita. Muuzaji mmoja alikuwa amejitoa Jumatano. Palikuwa na nafasi ya katoni kumi, chupa mia moja na ishirini, zifike saa moja kamili asubuhi. Nilesh alipekua fomu za zamani, akakuta yetu imelala chini ya rundo. Angeweza kupiga simu, alisema, lakini jiko likiambiwa mgeni anakuja husafishwa kwa ajili ya mgeni, naye alitaka kuliona lilivyo.

"Na umelionaje?" niliuliza.

"Mmenivika wavu wa ndevu kabla ya kuniuliza jina," alisema. "Nimekagua majiko arobaini mwaka huu. Hakuna lililowahi kunikagua mimi."

Ninawaambia, wale wanawake walipiga yowe ambalo mchungaji alilisikia akiwa kwa kinyozi.

Kabla hajaondoka, Nilesh alimvuta shangazi pembeni, karibu na mimi. "Ile chupa ya mama, sahau tafadhali. Nimesaini karatasi kazini. Sipokei hata kijiti cha meno kutoka kwa muuzaji."

"Nani amekwambia ni zawadi? Umekata vichwa kumi na tisa vya kabichi. Unataka niitwe mwizi wa jasho?"

Walibishana hadi mlangoni. Mwishoni Nilesh alilipa bei ya chupa moja mezani na kunifanya niandike risiti nyuma ya lebo. "Basi ni yangu kihalali," alisema. "Nitaichukua nikipata nafasi. Mama ataikuta akirudi."

Shangazi alichukua kisu akarudi kwenye kabichi. Nilidhani amekubali.

Ijumaa tulipika. Kabichi ilikuwa imelala na chumvi usiku kucha na kutoa maji yake, tukaikamua, tukaichemsha na siki, sukari, nyanya za kijani, pilipili, haradali, mpaka barabara nzima ya kanisa ikawa inapiga chafya. Rudell, ambaye alisema amekuja likizo, alibeba masufuria kama punda na kuimba nyimbo za kanisa kwa maneno ya kujitungia. Tulijaza chupa, tukafunga vifuniko, tukazichemsha ndani ya maji, tukazipanga kwenye meza za ukumbi juu ya taulo. Chupa zikishatolewa kwenye maji hazisogezwi mpaka kesho yake. Zinapoa zenyewe, na kila moja ikishajifunga kifuniko chake huzama na kulia: tik.

Jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Tulikaa kwenye viti vya ukumbi kama watu wanaongoja harusi. Tik. "Moja!" tukasema. Tik, tik. "Mbili, tatu!" Kufika arobaini tulikuwa tunapiga makofi. Kufika themanini Bi Maydell alikuwa anacheza kati ya meza, tukimfokea asitikise sakafu.

Ni katikati ya vile vifuniko ndipo Nilesh alipopiga simu. Niliweka sauti kubwa.

"Shangazi Verdie, nimeongea na meneja wa Lumberton. Anakukumbuka. Kesho duka likifunguliwa, saa mbili kamili, kaunta namba nne ni yako. Utapiga chupa ya kwanza mwenyewe. Bosi wangu anatoka Charlotte kuja kutazama. Ila ataondoka saa mbili na nusu, na ninyi mna gwaride lenu la kurudi nyumbani, kwa hiyo ni saa mbili palepale."

Shangazi alikaa juu ya ndoo ya siki. Iliyumba, ikamshika.

"Kaunta namba nne?" aliuliza.

"Namba nne."

Tik, chupa moja ilisema, na ukumbi mzima ukalia kwa furaha. Shangazi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Lakini nilimwona, baadaye kidogo, akitazama saa ya ukutani na kuhesabu kitu kwa vidole.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulibonyeza vifuniko kimoja kimoja. Mia moja na ishirini na tatu, vyote vimeshika. Tulipakia katoni kumi kwenye gari la Rudell, na moja kati ya zile tatu zilizozidi shangazi aliiweka kwenye pikapu yake. Alikuwa amevaa aproni yake ya zamani ya Talbert, ya kijani, imefuliwa na kupigwa pasi hadi inang'aa, na beji ya jina lake kifuani. Alikuwa ameiweka miaka minne.

Saa moja kamili tulikuwa Lumberton. Meneja mwenyewe alitufungulia mlango wa nyuma. Nilesh alikuwa pale na koti, ndevu zikiwa huru. Tulipanga chupa kwa mikono yetu, kila moja picha ya shangazi ikitazama mlango. Kulia kwake palikuwa na mchuzi wa pilipili wa dada wawili weusi wa Red Springs, kushoto asali ya mzee mmoja wa Maxton, chini tortila, chapati za mahindi, za mama mmoja wa Kimeksiko wa St. Pauls ambaye alikuwa amesimama hapohapo, amekunja mikono kifuani, anazitazama kama mtu anayetazama watoto wake wakipokea vyeti. Shangazi na yule mama walitazamana, wakakumbatiana. Nilisoma miaka minne kuhusu masoko, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba rafu inaweza kukufanya ulie.

"Haya," Bi Maydell alisema. Bado anafanya kazi pale, na namba nne sasa ni yake. Alikuwa ameifuta mashine hadi inateleza. "Njoo ukae kwenye kiti chako, malkia. Zimebaki dakika hamsini."

Shangazi alikwenda. Aligusa kile kiti. Alipitisha mkono juu ya kioo cha mashine, palepale alipopitisha vitu vya watu miaka kumi na tisa. Halafu alitazama saa kubwa juu ya mlango. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili.

"Neva," alisema. "Twende kwenye pikapu."

"Kwenda wapi?"

"Fayetteville. Mama wa watu anatoka saa mbili na robo."

Nilidhani ni mzaha. Nilesh ndiye aliyeelewa kwanza, na uso wake ukashuka. "Hapana. Hapana, Shangazi. Mama hata hajui umeahidi."

"Mimi najua."

"Nitaenda mimi!" Rudell alisema. "Gari langu lina kasi. Nipe hiyo chupa."

"Nilisema nitamletea mimi mwenyewe. Sikusema nitatuma mtu wa Baltimore."

"Shangazi," nilisema nikimshika mkono, "ni kaunta namba nne. Bosi anakuja. Miaka kumi na tisa."

"Uliyemwahidi alikuwa ndugu yako," Nilesh alisema, karibu kwa kusihi. "Mimi si ndugu yako."

Shangazi alimtazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye paji la uso. "Bado una pua ya Rufus," alisema.

Kisha akamgeukia Bi Maydell, na kwa mara ya kwanza nikaona kidevu chake kikicheza. "Piga wewe, dada. Ila ipige polepole. Usiirushe kama unavyorusha viazi vya watu."

"Sitairusha," Bi Maydell alisema. Hakuwa na mzaha hata mmoja.

Pikapu ya shangazi ina gia ya tatu ambayo haimtii mtu mwingine yeyote duniani. Aliipiga kwa ngumi, ikaingia, tukaondoka. Tulipita mashamba ya tumbaku, tukapita magari ya watu wetu yakija upande wa pili yamefungwa vitambaa kwa ajili ya gwaride, yakitupigia honi, naye akipiga honi, akipunga mkono na aproni yake ya kijani kifuani kama anagombea ubunge. Chupa ilikuwa mapajani mwangu, pamoja na anwani aliyoniandikia Nilesh. Nilikuwa na hasira, halafu sikuwa nayo tena, kwa sababu shangazi alianza kuimba wimbo mmoja wa Rudell kwa maneno yaleyale ya Rudell, na nikacheka hadi nikapata kwikwi.

Nyumba ilikuwa na masanduku mawili barazani. Kati yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa bibi wa umbo dogo mwenye sari ya bluu na raba nyeupe, na mkoba mapajani. Zilikuwa zimebaki dakika tano kufika saa mbili.

Shangazi alishuka, akanyoosha aproni. "Mama Vora?"

Bibi aliisoma beji kifuani mwake. "Wewe," alisema, "ndiye uliyemvika mwanangu wavu wa ndevu?"

"Ndiye."

"Vizuri. Mimi namwambia azinyoe tangu Krismasi."

Walicheka wote wawili kama wasichana waliotoroka darasani. Shangazi alimkabidhi chupa kwa mikono miwili. Mama Vora aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akasoma jina, akatazama picha kisha uso, kisha akashika kifuniko.

"Ngoja!" shangazi alisema. "Inatakiwa ilale wiki mbili kwanza, ndipo ikolee!"

"Nina miaka sabini na minane. Mimi na wiki mbili hatuaminiani."

Lakini vidole havikutii. Alijaribu, akajaribu tena, akauma midomo. Shangazi alipiga goti moja, lile goti baya, akaweka mkono wake juu ya ule mkono uliokakamaa, na wakazungusha pamoja. Ndani ya nyumba saa ya ukutani ilianza kugonga. Saa mbili: kule Lumberton Bi Maydell alikuwa ameinua chupa, polepole, na simu yangu ilikuwa kwenye pikapu, kwa hiyo hatukuisikia mashine ikilia.

Pop, kifuniko kikasema.

Mama Vora alichovya kidole, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Shangazi alimkazia macho mdomoni. Sijui nani kati ya mabosi wa Charlotte aliyewahi kungojewa hukumu yake namna ile.

"Chumvi," bibi alisema.

"Chumvi imefanyaje?"

"Haitoshi."

"Haitoshi!" Shangazi aligeuka kunitazama mimi, kisha mbingu, akitafuta shahidi. Halafu akaanza kucheka, bado amepiga goti, akashindwa kuinuka kwa kucheka, nikalazimika kumvuta. Mama Vora alichovya kidole tena. Na tena.

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilisimama mbele ya nyumba. Dereva alipiga honi. Shangazi alikaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akatazama huku na huku, akakuta hana kitu cha kukingia chupa isivunjike. Alitoa beji, akaitia mfukoni. Kisha akavua ile aproni ya kijani, akaifunga chupa mara tatu kama mtoto mchanga, na akafungua zipu ya sanduku la Mama Vora ili ailaze katikati ya nguo.